Mtoto wa Miaka 4 Anakaa Kitini Saa Ngapi kwa Siku?

Januari ni mwezi wa mabango. Kwenye nguzo za umeme, kwenye kuta za fremu za maduka, kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa, kila chekechea ya Dar es Salaam inatafuta watoto, na karibu zote zinanadi bidhaa ileile: mtoto atasoma na kuandika kabla hajafika darasa la kwanza, Kiingereza atazungumza, basi la shule lipo, kompyuta zipo, kamera za ulinzi zipo. Nimeyasoma mengi kwa sababu binti yetu alikuwa anafikisha miaka 4 na zamu yetu ya kuhangaika na shule ilikuwa imefika. Nilichokitafuta mimi hakikuwepo hata kwenye maandishi madogo ya chini. Wanacheza wapi? Na kwa muda gani?

Nikaamua kuuliza uso kwa uso. Shule moja walinionyesha uwanja, yaani sakafu ya saruji kati ya madarasa na maegesho ya mabasi, na bembea mbili zilizofungwa kwa mnyororo zisichakae. Nyingine ilikuwa na nyasi bandia safi kabisa, ila watoto huruhusiwa kuzikanyaga siku ya Ijumaa tu. Mwalimu mmoja, mama wa makamo aliyeshawazoea wazazi wasumbufu, alinijibu bila kuzungukazunguka: "Mzazi, nikiwatoa nje saa nzima, jioni wewe mwenyewe utafungua begi uniulize mbona daftari jeupe."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Daftari ndiyo risiti ya ada. Mtoto aliyeruka kamba asubuhi nzima harudi na ushahidi wowote zaidi ya soksi chafu, na soksi chafu hakuna mzazi anayezionyesha kwa majirani. Kwa hiyo mwalimu anayejua kabisa kwamba mtoto wa umri ule hatakiwi kukaa, anamkalisha, kwa sababu anayelipa ndiye anayetaka hivyo.

Aprili 2019 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo kuhusu watoto walio chini ya miaka 5: wacheze kiasi gani, wakae kiasi gani, walale kiasi gani. Mtoto wa miaka 3 hadi 4 anatakiwa kupata angalau dakika 180 za kuushughulisha mwili kila siku, na kati ya hizo 60 ziwe za kuhema na kutoka jasho. Si lazima zipatikane kwa mkupuo mmoja. Zinaweza kutawanyika kuanzia asubuhi hadi jioni. Skrini isizidi saa 1, na ikipungua hapo ndiyo bora. Usingizi uwe saa 10 hadi 13, ukijumlisha na ule wa mchana. Na asifungiwe mahali pamoja kwa zaidi ya saa 1 mfululizo.

Sasa tuipige hesabu siku ya mtoto wa chekechea anayetumia basi la shule huku kwetu Tabata. Basi linapita saa 11:30 alfajiri, maana dereva lazima amalize Segerea na Kinyerezi kabla foleni haijakaza. Linafika shuleni saa 1:30. Darasa linaanza saa 2. Saa 4 ni uji, dakika 30, na nusu yake inaishia kwenye mstari wa kunawa mikono. Saa 6:30 mchana wanarudi kwenye basi, na kwa walio mwisho wa njia ni saa 8:30 ndipo wanaposhuka. Hapo ameshakaa saa 4 ndani ya basi na saa 4 nyingine darasani. Saa 8 za kiti ni zamu ya mfanyakazi wa ofisini, na huyo angalau huruhusiwa kuinuka akachukue chai. Akifika nyumbani anakula, anafanya kazi aliyopewa shuleni (kurasa mbili za herufi "b"), anawekewa katuni, anaoga, analala.

Dakika 180 hazionekani popote. Usingizi nao ni hivyohivyo. Anayeamshwa saa 11 alfajiri, ili apate hata zile saa 10 za chini kabisa, inabidi awe amelala saa 1 usiku. Saa 1 usiku, katika nyumba nyingi za jiji hili, baba bado yuko kwenye daladala na mama ndiyo kwanza anabandika wali. Mtoto analala saa 3 au saa 4, kesho anasinzia kwenye basi, halafu ripoti ya muhula inasema hana umakini darasani.

Ndiyo maana tulichagua shule kwa umbali kabla ya kitu kingine chochote. Ile tuliyoipata ni ya kawaida sana. Haina kompyuta, na bango lake limepauka. Ipo mwendo wa kutembea kwa miguu, ina mwembe mmoja mkubwa na mchanga chini yake. Ndugu wawili watatu walinishangaa. Mmoja aliniuliza kama mambo yamekuwa magumu.

Kuna jambo moja ningependa wazazi wanaoulizia mwandiko walifahamu kwanza. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo 8. Mtoto anapozaliwa hakuna hata mmoja kati ya hiyo uliokwisha kuwa mfupa. Yote ni gegedu, ile laini inayopinda kama ya sikioni. Inakomaa mmoja baada ya mwingine mwaka hadi mwaka, na ule wa mwisho huanza kuonekana kwenye picha ya eksirei mtoto akiwa na miaka kama 8 au zaidi. Huo ndio mkono tunaoutaka ukae ndani ya mistari miwili ya daftari ukiwa na miaka 3 na nusu.

Nguvu za mwili wa mtoto hazianzii vidoleni. Zinaanzia katikati: shingo inakaza, kiwiliwili kinasimama, bega linatulia, halafu kiwiko, halafu kiganja, na vidole vinakuja mwishoni. Mtoto ambaye bega lake bado ni legevu huandika kwa mkono mzima, hulalia dawati, huchoka kwenye mstari wa tatu, akaitwa mvivu. Anachohitaji ni kuning'inia. Aparamie kitu, atambae chini ya meza, avute ndoo yenye maji robo, akamue soksi zake mwenyewe, akande unga wa chapati na bibi yake. Penseli itakuja. Kalamu yenyewe haina haraka, ni sisi.

Binti yetu alikuwa anashika penseli kwa ngumi. Mwalimu wake wa sasa hakumpa kurasa za ziada. Alimpa kazi ya kufuta ubao, akinyoosha mkono juu kabisa na kushuka nao hadi chini, na kila siku aliwatuma yeye na wenzake kubeba viti kutoka barazani kuingia ndani. Sitasema ni viti vilivyofanya kazi au ni umri tu uliosogea. Penseli anaishika.

Tukirudi nyuma zaidi, kwa wachanga, mwongozo huohuo una kipengele kilichozua mjadala sebuleni kwetu. Unaposema mtoto asifungiwe zaidi ya saa 1 mfululizo, unataja mifano: kigari cha kusukuma, kiti kirefu cha kulia, na mtoto aliyefungwa mgongoni mwa mlezi. Mgongoni! Nilikereka kidogo. Mbeleko imelea Afrika nzima, leo inawekwa kapu moja na vitu vya dukani. Nikamsomea mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutoka Tanga kumwona mjukuu mdogo. Alicheka. "Kwani nani anabeba mtoto saa nzima hajamshusha? Mgongo wenyewe utakataa." Kwake yeye lilikuwa jambo lisilohitaji karatasi: unambeba unapotwanga au unapokwenda sokoni, ukifika unatandika mkeka, unamshusha, anajigeuza, anasota, anakula mchanga kidogo, unamnyanyua tena.

Mkeka ndio unaopotea. Mwongozo unasema mtoto ambaye hajaanza kutambaa alazwe kifudifudi akiwa macho, jumla angalau dakika 30 kwa siku, kidogokidogo. Akiwa macho, nasisitiza. Wakati wa kulala usingizi alazwe chali. Kifudifudi ndipo shingo inapojifunza kubeba kichwa na mikono inapojifunza kuusukuma mwili. Mtoto hulalamika, hilo halikwepeki, na mzazi wa leo hapendi kelele hiyo, kwa hiyo anamweka kwenye kiti cha kubembea chenye muziki na mtoto ananyamaza.

Halafu kuna kile kigari cha plastiki chenye magurudumu, ambacho mtoto huingizwa katikati ili "ajifunze kutembea". Kariakoo vimepangwa hadi barabarani. Kanada ilipiga marufuku kuviuza, kuviagiza na hata kuvitangaza mwaka 2004, kwa sababu ya watoto walioporomoka navyo kwenye ngazi. Na kwenye kutembea kwenyewe havisaidii: mtoto ananing'inia, anasukuma kwa ncha za vidole, haioni miguu yake, wala hajifunzi kuanguka. Mtoto anayesimama dede kwa kushika kochi, akaanguka kwa makalio, akasimama tena, anafanya mazoezi ambayo kigari kinamnyima. Tuliletewa kimoja kama zawadi. Kinahifadhi viazi.

Nimewasikia wengi wa rika langu wakisema watoto wa siku hizi wamekuwa wavivu, sisi tulikuwa tunacheza kombolela mpaka tunaitwa kwa fimbo. Ni kweli tulicheza. Kombolela, kidali po, rede, kuruka kamba, ukuti, chandimu kwa mpira wa makaratasi na nailoni. Ukiichambua rede peke yake unakuta kila kitu ambacho mwalimu wa michezo angetaka: kukwepa, kuchutama, kurusha kwa shabaha, kugeuka ghafla, na kujaza chupa mchanga kwa kasi huku jicho lako moja likimtazama mwenye mpira. Kombolela inakufundisha kukimbia kwa mlipuko halafu kutulia kimya, na kutulia kwa hiari ni kazi ngumu kwa mtoto wa miaka 5 kuliko kukimbia. Wala hakuna mtu mzima aliyesimamia. Wakubwa waliwafundisha wadogo, na mdogo sana alihesabiwa kwenye timu ila hakukamatwa, mpaka siku atakapoweza.

Lakini nani aliuchukua uwanja? Si watoto. Kiwanja tulichochezea sisi sasa kina nyumba tatu na gereji. Uchochoro una bodaboda zinazopita bila kupunguza mwendo, na mzazi anayemfungia mtoto wake ndani ya geti hana wasiwasi wa kujitungia. Ndani ya geti nako wapangaji wanne wanagawana ua uliosakafiwa, magari mawili yameegeshwa, nguo zimeanikwa, na mwenye nyumba hataki kelele. Tunamlaumu mtoto kwa kukaa na kishikwambi wakati sehemu pekee ambayo hajaambiwa "toka hapo" ni kwenye kochi.

Na dada wa kazi tumweke kwenye hesabu hii, maana watoto wengi wa mjini wanashinda naye kuliko na wazazi. Mtoto akipata nundu kwenye paji la uso, anayeulizwa ni yeye. Akitazama katuni kwa saa 5 nzima, hakuna anayeulizwa chochote. Ungekuwa wewe ungechagua nini? Nyumbani kwetu tulikubaliana naye waziwazi: mchubuko wa goti hauna kesi. Nundu ina barafu, haina kesi. Kinachozuiwa ni geti, jiko na maji ya tangi. Mengine yote mtoto apande, aruke, ajipindue. Dada alituangalia kama anasubiri sehemu ya pili ya maneno hayo. Ilimchukua muda kuamini, na sikumlaumu, kwa sababu nyumba alikotoka alikatwa mshahara kwa sababu ya goti.

Kwa mtoto wa kike kuna kizuizi cha ziada, na kinaanza mapema kuliko tunavyokiri. Kaka yake akipanda mwembe anaambiwa shuka utaanguka. Yeye anaambiwa shuka wewe ni msichana. Ongeza sare: sketi ya marinda, viatu vyeusi vya kufunga, soksi nyeupe. Niliomba shuleni binti yetu avae bukta ndani ya sketi na raba badala ya viatu vyeusi. Mwalimu mkuu alifikiri kidogo akasema sawa, raba ziwe nyeusi. Wiki hizi naona raba nyeusi zimeongezeka.

Kuhusu shule zenyewe, si kweli kwamba hatujui la kufanya. Huko Mombasa, miaka ya 1980, Bi Swafiya Said na wenzake walianzisha madrasa za awali kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, ambazo baadaye zilienea Zanzibar na Uganda. Vifaa vyake vilikuwa vifuu, makopo, kokoto, kamba na chupa, vitu ambavyo mama yeyote wa pwani anavyo uani. Zanzibar nako, kuanzia mwaka 2006, kulikuwa na vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze chini ya RISE, mradi wa kuimarisha elimu kwa njia ya redio. Redio inaimba, inatoa amri, kisha inanyamaza ili watoto watende: simameni, rukeni, tafuteni kitu cha duara. Hesabu zinafundishwa watoto wakiwa wamesimama. Mimi huwa nawatajia vipindi hivyo wazazi wanaoamini kwamba kujifunza kunahitaji dawati. Redio, chombo tunachokitumia tukiwa tumekaa, kiliweza kuwainua watoto wa kijiji kizima.

Na hapa niseme kitu ambacho hakipendezi kwenye vikao vya wazazi wa shule za kulipia. Kwenye kucheza, mtoto wa shule ya msingi ya serikali mara nyingi anamshinda wa kwetu. Anatembea kwenda shule, uwanja wake ni mpana, una mchanga na miti, na wakati wa mapumziko yuko huru. Lakini tusilipambe. Kiwango cha serikali ni mwalimu 1 kwa watoto 25 wa darasa la awali, na baada ya ada kuondolewa kuanzia Januari 2016 madarasa mengi yalifurika kupita hapo kwa mbali. Mwalimu aliyezungukwa na umati wa watoto wa miaka 5 hawezi kuwatoa nje kwa utulivu wala kujua nani hajarudi. Mwendo huo wa kwenda shule wakati mwingine unakatiza barabara kuu, na mwingine anautembea na njaa. Mtoto mwenye njaa hachezi, anakaa.

Faida nyingine ya nje, ambayo sikuitegemea, ni macho. Guangzhou, China, watafiti walichukua shule 12, nusu yake wakaziongezea dakika 40 za kutoka nje kila siku kwa watoto wa darasa la kwanza. Baada ya miaka 3, matokeo yaliyochapishwa 2015, karibu watoto 30 kwa kila 100 walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali, dhidi ya karibu 40 kwenye shule ambazo hazikubadilisha ratiba. Mwanga wa jua unaonekana kusaidia jicho linalokua. Jua tunalo la kutosha, bure, tena tunaweka mapazia mazito.

Siku yetu sasa iko hivi, kwa wanaouliza. Asubuhi tunatembea kwenda shule, na siku za haraka dada anatangulia naye. Shuleni wanaanza kwa duara chini ya mwembe, wanaruka, wanaigiza wanyama, kisha ndiyo wanaingia ndani. Alasiri jua kali, anabaki ndani na anaruhusiwa katuni kidogo mpaka saa 10. Kuanzia hapo TV imezimwa na mlango wa uani uko wazi. Baba yake alifunga kamba nene kwenye boriti ya baraza, yenye fundo tatu za kushikia. Anatumwa: lete kopo, peleka ndala, okota mapera. Kazi ndogondogo za nyumbani nazihesabu kwenye zile dakika 180 bila aibu, kwa sababu kuchutama kuokota na kubeba ni mazoezi kamili. Zile 60 za jasho zinatoka kwenye kukimbizana na watoto wa wapangaji wenzetu kuanzia saa 11 jioni, magari yakiwa bado hayajarudi.

Masika ndiyo inayotuvuruga. Ua unajaa maji, shule ya mwembe inakuwa shule ya chumbani, na watoto wanapanda kuta. Tunashusha godoro sakafuni, meza tunaisukuma pembeni, wanabingirika na kuruka kutoka kwenye stuli, na mto mmoja ulishapasuka pamba zote. Kwa wanaoishi chumba kimoja nimeona jirani akifanya vizuri kuliko sisi: anachora mstari kwa chaki kutoka kitandani hadi mlangoni, watoto wanaupita wakiwa na kikombe cha maji mkononi, wakimwaga wanarudi mwanzo. Tatizo letu ni ukuta. Mpangaji wa upande wa pili ni mlinzi, anafanya zamu za usiku na mchana analala, kwa hiyo tumepatana naye: hakuna kuruka kabla ya saa 9 alasiri, na siku za mapumziko yake anatutumia ujumbe mapema.